Tezi ya shingo ikilegea, figo nazo hulegea



Mwaka juzi khalati yangu, mdogo wake mamangu, alirudi kutoka hospitali ameishika karatasi ya maabara kama mtu aliyepewa hati ya hukumu. Kwenye mstari wa kreatinini paliandikwa 148, na chini yake ile hesabu ya kazi ya figo, eGFR, ilisoma 35. Maelezo aliyopewa yalikuwa mafupi: "Mama, figo zako zimeanza kwenda. Punguza chumvi, urudi baada ya miezi mitatu." Jioni ile ile tulikusanyika kwake Majengo, na kabla birika la chai halijaisha tulikuwa tushaanza kuhesabu nani atatoa nini iwapo mambo yatafika kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapa Pwani hakuna ukoo usioijua mashine ile. Kila mtaa una mtu anayeamka alfajiri mara mbili kwa wiki kwenda kulala kwenye kile kiti.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza habari za shingo yake.

Ilichukua wiki tano na daktari mwengine, kijana mpole aliyemshika mkono akashangaa ulivyo baridi mchana wa Februari, ndipo akapimwa tezi ya thairoidi. Kipimo kiitwacho TSH kilirudi na 86, na kiwango cha kawaida hakizidi 4 hivi. Tezi ilikuwa imelala kabisa. Figo zilikuwa zimelegea kwa sababu tezi imelegea.

Mimi si tabibu. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini tangu siku ile nimesoma, nimewauliza wanaojua, na nimekaa kwenye mabenchi mengi ya kusubiria. Nimeona kheri niyaandike haya, kwani naamini khalati si peke yake.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, nayo ina umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa. Ni ndogo, uzito wake ni kama gramu 20 hivi. Watu wengi huijua pale tu inapovimba ikawa rovu, lakini ni vyema kufahamu kwamba tezi yaweza kulegea bila kuvimba, na yaweza kuvimba ilhali inafanya kazi sawasawa. Kazi yake ni kuchukua iodini kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Homoni hizi ndizo zinazoamrisha kila kiungo kiende kwa kasi gani: moyo, matumbo, ngozi, ubongo, na figo pia. Ubongoni kuna tezi nyengine ndogo inayoisimamia hii ya shingo. Ikiona homoni zimepungua, hutoa TSH kwa wingi, kama bwana shamba anayezidisha sauti kwa mfanyakazi aliyesinzia. Ndiyo maana TSH ikipanda maana yake tezi imeshuka. Jambo hili huwachanganya watu wengi wanaposoma karatasi zao.

Mwenye tezi iliyolegea huchoka bila kazi, huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti huwa nzito, na mapigo ya moyo hupungua kasi. Wanawake hutokwa na damu nyingi ya hedhi, na wengine hukawia kushika mimba. Uso huvimba, hasa chini ya macho asubuhi. Khalati alikuwa na dalili hizi takriban zote kwa muda wa mwaka mzima. Jirani mmoja alisema ni safura. Mwengine akasema ni jicho la watu, akazinguliwe. Mimi, Mola anisamehe, nilisema ni utu uzima. Alikuwa na miaka 58 tu.

Sasa figo zaingiaje hapa?

Figo mbili za mtu mzima hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika. Ndani yake mna vichujio vidogo vidogo, kama milioni moja kwa kila figo, na kwa siku moja vichujio hivi hupitisha takriban lita 180 za maji ya damu. Sehemu kubwa mno ya maji hayo hurudishwa mwilini; kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili hivi. Kazi yote hii yategemea msukumo. Kichujio hakijivutii damu chenyewe. Hungoja iletwe kwa nguvu inayotosha.

Homoni ya thairoidi ikikosekana, moyo hupiga taratibu na kwa unyonge. Mishipa ya damu nayo hukaza badala ya kulegea, ikiwemo ile midogo inayoingia kwenye vichujio vya figo. Basi damu inayofika ni kidogo, na inayofika hufika bila nguvu. Mwili una njia yake ya kuokoa hali kama hiyo, mfumo wa homoni unaoanzia figoni na kupandisha presha ya damu, lakini mfumo huo nao hupungua makali tezi ikilegea. Kwa hivyo kiasi kinachochujwa hushuka. Kwa walio na upungufu mkubwa wa homoni si ajabu kikashuka kwa thuluthi moja au zaidi. Ukipeleka damu maabara wakati huo, kreatinini, ambayo ni taka ya misuli inayotakiwa kutolewa na figo, itaonekana imepanda.

Fikiria bomba la maji la mtaani. Shinikizo likipungua, ndoo huchukua saa nzima kujaa, na wewe ukadhani bomba limeziba. Fundi anaweza kulifungua bomba zima, akalibadilisha, na ndoo bado isijae. Tatizo liko kwenye pampu.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya figo za khalati na figo zilizoharibiwa na sukari au presha kwa miaka kumi. Vichujio vilivyokwisha kuwa makovu havirudi. Vichujio vinavyokosa msukumo, vikiupata tena, mara nyingi hurudi kufanya kazi ndani ya wiki chache hadi miezi kadhaa baada ya kuanza dawa ya thairoidi. Si kila mara hurudi vyote. Mtu akikaa miaka mingi bila kutibiwa, au akiwa na maradhi mengine juu yake, sehemu fulani huenda isirudi.

Kreatinini yenyewe nayo hainyooki moja kwa moja. Tezi ikilegea misuli huumia: huuma, hukaza, na wakati mwengine seli zake hupasuka na kumwaga vitu kwenye damu. Ndiyo maana daktari mjuzi, akiona kreatinini imepanda na mgonjwa analalamika mapaja yanamuuma akipanda ngazi, ataomba pia kipimo cha CK cha misuli. Mara chache sana misuli hupasuka kwa wingi mpaka uchafu wake wenyewe ukaziumiza figo. Wanaotumia dawa za kushusha lehemu, zile za jamii ya statini, wako kwenye hatari zaidi ya jambo hili ikiwa tezi yao haijatibiwa. Na hapa pana mtego: tezi iliyolegea yenyewe hupandisha lehemu, kwa hivyo mtu huweza kupewa statini kwa ajili ya lehemu iliyosababishwa na tezi isiyopimwa. Kipo pia kipimo cha sistatini C ambacho hospitali nyengine hukitumia kuhakikisha hali ya figo. Hicho nacho hupotoshwa na tezi, ila kwa upande wa pili, kwani hushuka homoni ikipungua na kuzifanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo.

Nirudi kwa maumivu, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Khalati alikuwa akiumwa na miguu na mgongo kwa miezi, na kila alipolalamika mmoja wetu alimpitia duka la dawa akamletea vidonge vya kutuliza maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, chochote kilichokuwa rahisi. Mimi nilimpelekea si chini ya mara nne. Dawa za jamii hii hubana mishipa midogo ya figo. Kwa kijana mzima anayemeza vidonge viwili vya kichwa si neno. Kwa mama wa miaka 58 mwenye presha, ambaye figo zake tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya tezi, tulikuwa tukimpunguzia hata ile kidogo iliyobaki. Na maumivu yale yalikuwa ya tezi. Hayakuwa ya baridi yabisi.

Jambo jengine ni maji na chumvi. Tezi ikilegea sana, mwili hushindwa kutoa maji ya ziada vizuri, na damu huwa nyepesi; sodiamu hushuka. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, usingizi mwingi, kuanguka. Wengi wao humeza pia vidonge vya presha vya kukojoza, ambavyo baadhi yake hushusha sodiamu vilevile. Nimesikia zaidi ya mara moja mzee akisemwa kwamba "akili zimeanza kumruka" na familia ikanyamaza ikingoja. Kipimo cha chumvi za damu na cha TSH havitoki Ulaya. Maabara nyingi za Mombasa huvifanya.

Uvimbe nao una siri yake. Mwenye figo mbovu huvimba miguu, na mwenye tezi iliyolegea huvimba pia, lakini ukibonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi na ukashikilia kwa sekunde kadhaa, uvimbe wa maji ya figo au moyo mara nyingi huacha shimo. Uvimbe wa tezi huwa mgumu kama unga uliokandwa, na shimo halibaki. Si kipimo cha kukata shauri nyumbani, kwani mtu aweza kuwa na vyote viwili, ila ni jambo la kumwambia daktari.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba lawama yote ni ya tezi. Njia hii ina pande mbili. Mtu ambaye figo zake zimechoka kwa sababu nyengine, sukari kwa mfano, yuko karibu zaidi na kupata ulegevu wa tezi kuliko mwenye figo nzima. Figo ndizo zinazotoa iodini iliyozidi. Zikichoka, iodini hurundikana na yaweza kuizima tezi. Kubadilisha T4 kuwa T3, ile yenye nguvu zaidi, nako hupungua. Na wapo wanaovuja protini nyingi kwenye mkojo, mpaka mkojo unatoka povu lisiloisha. Protini inayobeba homoni ya thairoidi kwenye damu hutoka nayo humo. Mgonjwa wa namna hii aliyekuwa akimeza dawa ya tezi kwa kiwango kile kile miaka mitano, ghafla aona haimtoshi. Kwa hivyo mwenye maradhi ya figo anayezidi kuchoka asiseme tu kwamba ni figo. Aombe apimwe.

Watu huniuliza yatoka wapi maradhi haya, na sisi twala samaki. Ni kweli, samaki na vitu vya baharini vina iodini, na chumvi ya kula hapa Kenya yatakiwa kisheria itiwe iodini, ikiwemo ile inayotoka Gongoni na Marereni. Rovu la kukosa iodini lilikuwa zaidi ni maradhi ya watu wa bara, kwenye milima. Lakini sababu kubwa ya tezi kulegea kwa asiyekosa iodini ni kinga ya mwili yenyewe kuigeukia tezi na kuila polepole. Daktari wa Kijapani aitwaye Hakaru Hashimoto ndiye aliyeieleza mwaka 1912, na maradhi yakaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake kuliko wanaume kwa mbali, na hutembea kwenye ukoo. Baadaye ndipo tulipojua kwamba bibi yetu mzaa mama naye alikuwa akijifunika blanketi mwezi wa Januari. Wengine hulegea tezi baada ya kukatwa rovu, au baada ya kutibiwa kwa iodini ya mionzi, au kwa dawa kama amiodaroni ya moyo na lithiamu ya maradhi ya akili. Muhogo nao husingiziwa. Una vitu vinavyoizuia tezi kutumia iodini, lakini huleta madhara pale unapoliwa kila siku bila kuandaliwa vizuri na iodini ikawa haba. Muhogo wako wa nazi wa futari hauna kesi.

Nikaja kwenye dawa. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Yule mama alikuwa mahututi kwa ulegevu wa tezi; akaishi miaka mingine 28 kwa kutumia tezi za kondoo. Leo dawa ni levothairoksini, kidonge kidogo kinachotengenezwa kiwandani, chenye homoni ya T4 ile ile ya mwili. Si ghali ukilinganisha na dawa nyingi. Wapo wanaoagiza kwenye mitandao vidonge vya "thairoidi ya asili". Ndugu yangu Muislamu, uliza kwanza, kwani vingi ya vile hutengenezwa kwa tezi za nguruwe, na juu ya hilo kiwango chake hakitabiriki kama cha levothairoksini.

Kidonge hiki kina adabu zake. Humezwa kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au chakula. Madini ya chuma, kalisiamu na dawa za kiungulia za kutuliza asidi hukishika tumboni kisiingie damuni, kwa hivyo viachane kwa saa nne. Wagonjwa wa figo wazingatie sana hapa, kwani wengi wao hupewa kalisiamu au sevelama ili kushusha fosfeti, na vidonge vya chuma kwa ajili ya damu, wakavimeza vyote kwa gonga moja asubuhi. Kisha TSH haishuki, na daktari akazidisha dozi bure. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa kiwango kidogo na kupandishwa polepole, kwani moyo uliozoea kwenda taratibu ukiharakishwa ghafla waweza kudhurika. Kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Mja mzito huhitaji dozi kubwa zaidi, na asingoje miezi.

Na si kila TSH iliyopanda yataka dawa. Ikiwa imezidi kidogo, chini ya 10, na T4 iko sawa, madaktari wengi hungoja wakapima tena kabla ya kumfunga mtu na kidonge cha maisha, hasa akiwa mzee. Kwa ulegevu mdogo kama huo, manufaa ya dawa kwa figo si ya uhakika kama yalivyo kwa ulegevu mkubwa. Ukipanda kidogo usianze kupiga simu kwa jamaa wa Muscat wakuletee dawa.

Ramadhani huja na maswali. T4 hukaa mwilini muda mrefu. Huchukua kama siku saba kupungua kwa nusu, kwa hivyo kubadilisha saa hakuharibu kitu. Wengine hukimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, na wengine huamka mapema wakakimeza nusu saa kabla ya daku. Khalati alichagua kulala nacho, kwa sababu daku yake, asema, haingoji mtu. Lakini mwenye figo zilizochoka ana swali jengine, nalo ni kukaa na kiu mchana kutwa katika joto letu. Hilo amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na akiambiwa asifunge, ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Qur'an yenyewe.

Ukienda hospitali na kreatinini iliyopanda bila sababu inayoeleweka, uliza kwa heshima: je, nimepimwa TSH? Sisemi kwamba kila figo mbovu ni tezi. Wengi wanaosafishwa damu Makadara wameletwa pale na sukari na presha, na hakuna kidonge cha thairoidi kitakachowaondoa. Lakini swali hili ni la kipimo kimoja cha damu, na ambaye jibu lake ni ndiyo, maisha yake hugeuka.

Khalati alianzishwa mikrogramu 25, akapandishwa mpaka 100. Vidonge vya maumivu tulivitupa wote pamoja, mbele yake. Mwezi wa pili alianza kulalamika joto, tukacheka. Baada ya miezi mitano kreatinini ilikuwa 96 na eGFR 59. Haikufika pale ingepaswa kufika. Daktari asema kilichobaki huenda ni deni la presha yake ya miaka mingi, na kwa hilo apimwa mkojo na damu kila baada ya miezi sita. Zile pesa tulizokuwa tumeanza kuchanga zilirudishwa kwa wenyewe, isipokuwa za mjomba, ambaye alikataa kuzipokea, akasema anunuliwe khalati feni.